Barua ya Kuthibitisha Umesahaulika

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Kitale, mahali ambapo sisi wenye digrii hukutania siku hizi. Mbele yangu dada mmoja wa mtaa wa Kibomet alitaka barua ya kuthibitisha hana wa kumsemea, aombee fellowship ya kupanga miji, ufadhili wa masomo ng'ambo wa wanafunzi wa Masters waliotoka kwa jamii zisizo na mtu wa kuzisemea. Deadline ilikuwa jioni hiyo hiyo.

Karani hakuinua macho. "Ni nani mkubwa anakujua hapa?"

"Hakuna, boss."

"Sasa bana, nitaandikia mtu hajulikani? Leta hata MCA wa wadi yenu."

"Ningekuwa na MCA, si ningekuwa nishapata kazi?"

Mara akaingia kijana wa mheshimiwa fulani, akizungusha funguo za gari kidoleni. Karani akasimama, akampangusia kiti kwa mkono wa shati. "Karibu, mkubwa! Ni ile ya fellowship?" Muhuri ukagonga, pa! Barua ikathibitisha kwamba kijana hana wa kumsemea. Dada akaambiwa arudi Alhamisi.

Congratulations, dada. Kati yenu wawili, ni wewe uliyetoka hapo na ushahidi kamili. Umekosa muhuri tu.