Nusu Mche wa Sabuni

Sabuni ya mche ikiyeyuka kwenye maji ya moto hutoa harufu nzito ya mafuta, na mpaka leo nikiisikia nyumbani kwa mtu, kikombe hukiweka chini. Mwenyeji wangu hudhani sipendi chai yake. Kumbe mwenzenu nimerudi Lushoto, nina miaka kumi, na miche ya watu inanifia mikononi.

Mama alikuwa akikuza miche ya pilipili hoho kwa ajili yake na wanawake wenzake wanne wa kitongojini. Mbegu walichangia wote, yeye akazisia kwenye trei nane chini ya paa la nailoni nyuma ya nyumba. Zile trei ndizo zilizokuwa msimu mzima wa nyumba tano. Udongo wa shambani hakuutumia. Alinunua piti, ule udongo mwepesi wa kahawia unaokuja kwenye marobota, laini kama majani ya chai. Piti ina kiburi chake: ikikauka sana, haipokei maji tena. Unamwagia, maji yanateleza juu na kutokea pembeni, huku mizizi chini imebaki na kiu. Mama alikuwa na dawa yake. Alikwangua sabuni ya mche kwa kisu, akaiyeyusha kwenye maji ya moto, kisha akatia kijiko kimoja tu cha chai kwenye ndoo nzima. Maji hayo yalizama bila ubishi.

Wiki hiyo ikaja taarifa ya msiba Magoma, kule bondeni, mama akashuka kwa siku tatu. Nikaachiwa bibi, ambaye miguu ilikuwa ikimsumbua, na trei nane.

"Zaina, asubuhi na jioni," mama aliniambia. "Usidanganywe na majani. Tia kidole."

Niliitikia kwa sauti ya mtu mzima.

Siku mbili za mwanzo ukungu ulishuka mpaka mlangoni, ukapenya chini ya lile paa, na kila jani likawa na matone. Nikaona Mungu ameshamwagilia, nikaenda kuruka kamba. Kidole sikutia. Jioni mama alipopiga kwenye simu ya bibi, baada ya shikamoo aliuliza jambo moja tu: "Miche imekunywa?"

"Imekunywa, mama."

Siku ya tatu jua likatoka. Kufika saa sita miche yote ilikuwa imelala, shingo zimelegea. Nikamwaga ndoo ya kwanza, maji yakaniishia miguuni. Ya pili, vilevile. Nikakimbilia sabuni. Kijiko kimoja nilikiona kidogo mno kwa kosa kubwa namna ile, basi nikakwangua nusu mche, nikauyeyusha, nikaumimina wote kwenye ndoo moja. Maji yalizama, hilo sikatai. Lakini povu likabaki juu, na kila nilipolifuta kwa kanga likaumuka upya.

"Unafua nini huko?" bibi aliuliza kutoka ndani.

"Soksi, bibi."

Niliomba gari la mama liharibike njiani. Halikuharibika. Asubuhi alifika, na kingo za majani zilikuwa zimeungua. Aliinama, akatia kidole kwenye trei, akakinusa. Nilisimama mlangoni mkojo umenibana, nikisubiri jina langu. Hakuniita. Alianza kusuuza kwa maji safi, trei moja baada ya nyingine, mpaka mchana. Zilipona tatu.

Jumamosi wale wanawake wanne walikuja na majembe kuchukua miche yao. Niliwaamkia mmoja mmoja. Mama akawaonyesha trei.

"Nimezidisha sabuni mimi," alisema. "Nilipitiwa."

Mama Hoza, aliyekuwa mkali kuliko wote, alikuna shavu, akasema, "Basi. Tugawane iliyopo." Wakagawana. Mama hakuchukua hata mmoja, na msimu ule sisi tulipanda maharage.

Nilifurahi, sitawaficha. Niliamini wenzake wamedanganyika, na kwa miaka nikaishi na hofu ya siku watakayoujua ukweli. Nikipishana na Mama Hoza njiani, nilimsalimia huku natazama chini.

Nimekuja kuelewa ukubwani, baada ya kuanza kwenda misibani mwenyewe. Kwetu mtu hashuki msibani peke yake, majirani humsindikiza. Wote wanne walikuwa Magoma na mama. Walipanda gari moja, wakalala kwenye mkeka mmoja, wakarudi pamoja asubuhi ile. Walijua vizuri kwamba mama hakuwepo, na kwamba nyumbani alibaki bibi asiyeweza kutembea, na mimi. Walisikia uongo wa mama, wakaupokea, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kunitazama.