Siku baba yangu alipomkana mfugaji mbele ya mkutano wa kijiji

Za jioni wakuu.

Anayetafuta chai, stori za kutunga, apite tu, humu hakuna. Haya yalitokea nyumbani kwetu Kilosa, nikiwa binti wa darasa la sita, na hadi leo yamenikaa kifuani.

Baba alikuwa mkulima wa kuheshimika. Watu wakigombea mpaka wa shamba walimwita yeye, akishasema basi. Mimi mwanawe nilitembea kifua mbele. Niliamini baba hajui kusema uongo.

Sasa kwetu, mahindi yakishavunwa, mkulima humruhusu mfugaji aingize ng'ombe wale mabua. Ng'ombe wanashiba, shamba linapata mbolea. Mnapatana kwa mdomo, imeisha hiyo.

Mwaka ule baba alimruhusu Mmasai mmoja, Saitoti. Nilikuwepo, nimewapelekea uji. Nilimsikia baba kwa masikio yangu: "Ingiza tu mwanangu, mwisho wako mfereji ule."

Bahati mbaya wiki ileile ng'ombe wasiojulikana walimaliza mbaazi za watu upande wa kata ya Ulaya, hukohuko Kilosa. Kijiji kikachemka. Vijana wakamkuta Saitoti shambani kwetu, ng'ombe wanakula mabua taratibu, wakamswaga yeye na mifugo yake hadi ofisi ya kijiji.

Tuseme ukweli wakuu, ndivyo tulivyolelewa. Mbuzi wa jirani akila mchicha wako ni bahati mbaya. Ng'ombe wa Mmasai akipita tu barabarani, ni uvamizi.

Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti akamuuliza Saitoti nani kamruhusu kuingia. Akamwonyesha baba. "Mzee huyu hapa."

Neno moja tu lingemwokoa.

Baba akainama, akasema, "Mimi sina habari hiyo."

Nikataka kusimama. Mama akanibana mkono hadi ukauma.

Saitoti alimtazama sana baba. Nilijua atafoka. Akasema, "Kama mzee amesema hivyo, basi." Hakuwa tayari kumwita mtu wa rika la baba yake mwongo mbele za watu, na wanakijiji wenzangu wakachukua ule upole kuwa ndiyo kukiri kosa. Wakamtoza madume mawili, akaamriwa ahame na mkewe na watoto. Nililia kwa hasira, si kwa huruma tu.

Nyumbani nikamuuliza baba kwa nini.

"Ningemtetea, siku tukifiwa nani angekuja kutuzikia? Ukikua utaelewa."

Nimekua wakuu. Nimeolewa, nalima Chanzuru, najua kususiwa na majirani ni kitu gani. Nimemwelewa kabisa, na hilo ndilo linalonitisha.

Baba alipougua nilimuuguza kwangu, baadaye hospitali huko Mikumi. Siku moja, hata sijamuuliza, akasema, "Yule kijana nilimruhusu. Nisamehe mwanangu."

Nikamwambia nimekusamehe baba. Hakukaa sana akafariki, na kijiji kizima kikaja.

Nimemuulizia Saitoti hadi Lumuma, sijampata.

Nilichojifunza: haki haihitaji mtu mbaya ili ipotee. Mtu mwema akiogopa majirani zake, inatosha.

Mngekuwa ninyi pale mkutanoni mngesema? Nijibuni kwa ukweli, msinifariji. Maana baba alikufa na amani yake kwa msamaha wangu, na aliyekosewa hakuwa mimi.