Mlio wa Pili

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa usukani. Nilipewa mlango wa nyuma.

Ilikuwa bondi ya magari chini ya kilima cha Mbuya, Kampala, yaani yadi ambako magari yaliyotumika Japani husubiri kulipiwa ushuru na kupata mnunuzi. Nilikuwa nimetoka Kisumu na shahada ya fizikia mkononi, nikidhani nimeajiriwa kuwaonyesha wateja magari. Msimamizi wa yadi, sajini mstaafu kutoka Gulu, alinisimamisha nyuma ya gari jekundu la michezo. Lilikuwa la milango miwili, limekaa chini kama limechuchumaa, na mlango wake wa nyuma ulikuwa wa kioo, unafunguka juu kuanzia paani.

"Funga," akasema.

Nikauvuta. Ukalia: ta.

"Hiyo si kufunga."

"Umefungwa, afande. Ona, taa ya ndani imezima."

"Hii mlango iko na sauti mbili, msomi. Ya kwanza ni ya uongo."

Komeo, akanieleza, lina meno mawili. Jino la kwanza huushika mlango usifunguke njiani. La pili ndilo huuvuta ukakandamiza mpira unaozunguka ukingo, hewa isipite. Katikati hapo pampu mbili za gesi, zile fimbo zinazouinua mlango, hushindana nawe. Basi unapitisha kidole juu ya mpira, unaondoa jani au uzi. Unaushusha mlango hadi ubaki upana wa kiganja. Huupigi, maana kioo hakisamehe. Unaweka viganja viwili juu ya bati karibu na komeo, unakandamiza mpaka mlio wa pili, kisha unajaribu kuuinua kwa ncha za vidole. Usipoinuka, unatamka kwa sauti, "Nyuma imefunga," na dereva anarudia maneno hayo kabla ya kuwasha injini.

"Kwa nini dereva arudie?" nikauliza.

"Kwa sababu nimesema."

Kutokubali majibu ya namna hiyo kulinifanya nifukuzwe darasa la dini mara nyingi. Nikaenda kwa Meneja, Mkenya mwenzangu, naye akacheka. "Huyo mzee ana mambo ya jeshi. Mfuate tu, utaishi kwa amani."

Sikupata amani. Sajini alikuwa mtu wa kumtoa nyoka ndani ya boneti kwa mkono mtupu huku akimtukana kwa Kiacholi. Lakini kati ya mlio wa kwanza na wa pili alikuwa hapumui. Nilimchungulia mara nyingi nihakikishe. Kifua kilisimama, macho yakakazia ukingo wa mlango, na mlio wa pili ukija ndipo mabega yalishuka. Hofu isiyo na sababu iliniudhi. Baadaye nikagundua kwamba mimi pia, mbele ya mlango ule, nilikuwa nikibana pumzi.

Mfanyabiashara mmoja wa Mbuya, ambaye sote tulimwita Bosi, alitaka kulijaribu gari lile jekundu kabla ya kulinunua. Nikatumwa niandamane naye. Akaendesha hadi Ggaba, akashuka sokoni kando ya ziwa, akarudi na sangara mrefu kama mtoto wa darasa la nne. Akamlaza nyuma, mkia ukabaki nje. Akaushusha mlango juu yake, akaufunga kwa kamba ya katani, kama unavyoona kila siku buti za Kampala zikifungwa juu ya ndizi na magodoro.

"Bosi, tafadhali. Lazima ufunge kabisa."

"Nnyabo, unaogopa samaki atatoroka?" akauliza, akiniita "bibi" kwa Kiganda.

"Ni kanuni ya yadi."

"Kanuni ya nini?"

Nikampigia Meneja. "Mwache mteja," akasema. "Akinunua ataufungia kwake."

Mvua ikaanza. Bosi akapandisha vioo, tukaingia kwenye foleni, tukawa tunasogea kama wazee wanaotoka kanisani. Harufu ya moshi ilikuwepo, lakini Kampala moshi uko kila mahali. Kichwa kikaanza kunigonga juu ya macho. Bosi alikuwa ananisimulia harusi ya mdogo wake. Akafika pale bibi harusi anapoingia, akanyamaza, akaanza upya. Bibi harusi akaingia tena. Ulimi wake ulikuwa mzito.

"Bosi, unaumwa?"

"Usingizi tu, nnyabo. Mvua hii."

Nikageuka nyuma. Chini ya ukingo wa mlango ulioinuka, moshi wa ekzosi ulikuwa unajikunja na kuingia ndani. Gari la kawaida lina ukuta kati ya buti na viti. Hili halina. Tulikuwa tumekaa ndani ya buti, mimi na yeye na samaki.

Nilijua moshi ule ni sumu. Nilitaka kufungua mlango, mkono ukakipapasa kitasa kama si wangu. Kidevu cha Bosi kikashuka kifuani na gari likaanza kuteleza kuelekea pikipiki ya mbele. Nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, nikageuza ufunguo, nikasukuma mlango kwa bega, nikaangukia tope. Mwenye pikipiki alinisaidia kumtoa Bosi. Tulimkalisha mvuani juu ya ukuta wa mtaro, akatapika, akatutazama kama watu wa nchi nyingine.

"Samaki wangu?" akauliza, nami nikalia.

Niliporudi yadini nilimweleza Sajini kila kitu: moshi, sumu iliyomo ndani yake isiyo na rangi wala harufu, jinsi inavyomlaza mtu asiamke tena. Hakunikatiza. Kisha akasema kwamba, akiwa kijana jeshini, lilikutwa kambini gari ambalo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Watu wawili ndani yake, injini inanguruma, wote wamekufa. Mmoja alikuwa rafiki yake, Okot.

"Walisema wamekunywa. Hata mama yake walimwambia hivyo." Akavua kofia. "Sasa Okot alikuwa hajalewa?"

"Hapana, afande. Hakulewa."

Akaivaa kofia tena.

Nimestaafu kazi ya bondi kabla sijaota mvi, na wanaonirithi wananicheka nikijiita mstaafu. Nilikuwa naamini kwamba hofu ukiieleza inakwisha. Siku yangu ya mwisho nilimwomba Sajini tuufunge pamoja mlango wa gari jingine la michezo lililoingia wiki hiyo. Viganja vyake, viganja vyangu. Mlio wa kwanza ukaja. Nikamtazama kifuani. Sababu alishaijua, lakini bado alikuwa hapumui, na mimi pia.