Jembe Wakati wa Matanga

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Kishanda kuchukua damu ya shangazi. Ndiyo kazi yangu, ndugu yangu: nachunguza jinsi ugonjwa wa kusahau unavyorithiwa katika koo. Nimechukua damu za koo nyingi za watu. Ya kwetu nilikuwa naiahirisha.

Nilipoingia, harufu ya nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni ilinirudisha kwa bibi, mama yao baba na shangazi. Vita na Amin vilikuwa vimekwisha, na sisi watoto tuligeuza kahawa kwenye majamvi na kumenya ndizi mpaka vidole viwe vyeusi kwa utomvu. Bibi alitupa kahawa za kutafuna, akisema mtoto asiye na kazi huzaa maneno. Nilikuwa na furaha kweli.

Kisha ukaja UKIMWI. Mwanzoni watu waliuita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakivushwa mpakani kwa magendo. Walikufa baba wadogo, akafuata baba yangu, wote wakazikwa kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Kwetu, msiba ukiwepo hakuna anayegusa jembe mpaka matanga yaishe. Lakini siku iliyofuata mazishi ya baba tulimkuta bibi analima maharage karibu kabisa na kaburi, akiimba kwa sauti ndogo. Jirani akasema mama wa namna hiyo ndiye anayekula wanawe. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kwetu hata kuomba moto.

Shangazi alimnyang'anya jembe. Bibi akamuuliza kwa upole, "Mbona mnakaa tu? Kaka yako akirudi atakula nini?"

Mimi sikulia. Nilikuwa nimeshazoea, na hata leo nakusimulia haya kama mtu anayesoma ripoti.

Jina la ugonjwa wa bibi nilikuja kulijua chuoni, yeye akiwa ameshazikwa na sifa ya uchawi. Ila kujua kama umo kwenye damu yetu kunataka kuwaona wanawe wakizeeka, na hakuna aliyezeeka. Juliana aliwawahi wote isipokuwa shangazi.

Shangazi alinyoosha mkono bila kusita. Damu ikiwa inatoka, alinieleza kwamba mnyauko umemaliza migomba na kwamba nyumba ya jirani imefungwa siku nyingi. Akauliza kama dawa imepatikana. Nikamwambia bado. Akauliza kama damu yangu nimeipima. Nikamwambia bado.

Akabonyeza pamba penye sindano. "Mimi nikianza kupotea, mwanangu, wewe upo, utawaambia watu kwamba naumwa. Zamu yako ikifika, atasema nani?"

Nikayapitia majina ya ukoo wetu kichwani, polepole. Wote niliowapata wamelala huko nyuma ya nyumba.