Karatasi Ndani ya Pindo

Wifi yangu ni fundi cherehani, na asikudanganye mtu, hakuna kiumbe msumbufu kama fundi aliyekosa utulivu. Miaka ishirini ameshona sare za shule bila kuinua kichwa. Lakini vita vilipozuka kule alikoolewa binti yake, na simu ya binti ikawa haipatikani, Wifi hakai. Anaanza kufagia, anaacha. Anabandika chai, inakauka jikoni. Tulipoamua hapa mtaani kukusanya mablanketi na dawa kwa ajili ya raia wa kule, nilimburuta mwenyewe mpaka ukumbini. Nilisema heri ahangaike na kazi.

Tulinunua kitambaa kizito cha mablanketi kwa majora, sisi tukakata, yeye akashona mapindo. Sharti letu lilikuwa moja tu: ndani ya mzigo pasiwe na maandishi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari wanapapasa kila kitu, na wakikuta karatasi wanasema mnapeleka siri. Lori letu la kwanza walilishikilia siku tisa kwa sababu ya daftari la mtoto. Dawa zote ziliharibika kwa joto, tukalia kama wafiwa.

Asubuhi ya safari ya pili Wifi alizidi. Lori limeshapakiwa, dereva anapiga honi, yeye analizunguka tu kama aliyedondosha hereni.

"We mama, nitakukanyaga bure!" dereva akafoka. "Hebu sogea!"

"Yashusheni mablanketi," Wifi akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nimeshonea karatasi ndani ya pindo."

Moyo ulinilipuka. "Wifi! Na sharti unalijua! Haya, blanketi lipi, tulitoe upesi."

"Yote."

Salaala! Mablanketi mia na kumi! "Una wazimu?" nikamuuliza mbele za watu, wala sikuona haya.

"Sasa ningejuaje lipi litamfikia?"

Tukashusha. Mwenye wembe akashika wembe, asiye nao akatumia meno, maana Wifi hashoni kitu kikafumuka kirahisi. Dereva alisonya mpaka akachoka, kisha akateremka akakaa nasi sakafuni, naye akafumua. Kizuizi hufungwa jioni, na saa zilikuwa zinayoyoma. Nilimlaani Wifi, nikamhurumia, nikamlaani tena.

Karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, kwa mwandiko ule anaoandikia vipimo vya wateja: "Ukimwona msichana mwenye kovu kidevuni, tafadhali mpe hili blanketi. Mwambie mama yake anamsubiri. Wewe nitakushonea jingine."

Alizikusanya mwenyewe, akazichoma nyuma ya ukumbi. Hakutoa hata chozi, na hilo ndilo lililoniuma.

Tulipomaliza kupakia upya, dereva akapanda, akawasha injini. Halafu akaizima, akachungulia dirishani.

"Mama, hilo kovu liko upande gani?"

Wifi alimtazama kwanza, kama haamini.

"Kushoto. Aliangukia cherehani yangu, alikuwa ndio anajifunza kutembea."

"Kushoto," dereva akarudia, akajigusa kidevu chake upande huo, akaondoa lori.