Uji wa Mwenye Kifua

Nyumbani kwa Bibi Pasi, mtu akikohoa hali yai, nyama wala maziwa mpaka kifua kifunguke. Bibi aliamini kwamba vyakula hivyo huongeza makohozi. Alilea watoto wanne kwa sheria hiyo, wote wakakua, basi hakuona sababu ya kuulizwa.

Alipiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele, huku mjukuu wake mdogo akicheza chini ya meza. Mtoto huyo alipata kikohozi mara kwa mara. Kila alipokohoa alipewa uji mweupe mtupu, na kabla hajarudisha mwili, kikohozi kilimrudia.

"Mama, tumpe hata yai," mkwewe, mama wa mtoto, alimwomba. "Amebaki macho tu."

"Mwanangu, wewe umelea wangapi?" Bibi alimjibu huku akinyoosha kola ya shati. "Huyu mmoja keshakupa udaktari?"

Mkwe akanyamaza. Aliona ni heshima, lakini kwa mama wa mtoto mgonjwa lilikuwa kosa.

Juma lililofuata mtoto alilazwa kwa nimonia. Muuguzi alimpima uzito, akauliza amekuwa akila nini, kisha akasema, "Bibi, mwili wenye njaa hauna nguvu ya kupigana na ugonjwa. Mtoto anayekohoa ndiye wa kubembelezwa ale."

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Jioni alileta mayai ya kuchemsha.

Mtoto alipona, lakini pafu la kushoto lilikuwa limeharibika. Hawezi kukimbia na wenzake.