Miti Niliyoipanda Kitivoni

Kiwanda cha chai kilipofungwa, wanaume wa kijiji chetu walihamia kwenye banda la kupimia majani. Hakukuwa na majani ya kupima, lakini walikwenda vilevile, wakajifunga makoti kwa sababu ya ukungu, wakakaa pale kungojea habari za lori la kiwanda. Kila aliyepita akitokea Bumbuli aliulizwa kabla hajatua mzigo.

"Wamesemaje?"

"Wamesema karibuni."

"Karibuni ya wapi, ya mwaka huu?"

Walicheka, kisha wakaendelea kungoja. Huku chai ilikuwa inarefuka. Mchai usiochumwa haubaki kichaka. Unakuwa mti, na ukisimama kati ya miti hiyo huoni ng'ambo.

Mimi niliwadharau. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, jambo lisilokuwa dogo kwa mtu wa umri wangu huku milimani, na nilikuwa mzee wa kanisa. Muda si mrefu kabla ya hapo, mgeni mmoja alikuwa amekuja usharikani kutufundisha habari za kuishi kwa malengo. Alituambia kwamba nyakati zikiyumba, mtu asiyejua anakokwenda hubebwa na kila upepo. Niliyabeba maneno yale mpaka nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi peke yake. Niliyarudia kwenye vikao vya jumuiya na kule bandani, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

"Ninyi mnangoja," niliwaambia. "Mimi nina mpango."

"Mgosi, bwana mkubwa, tupe basi huo mpango," akasema jirani yangu mmoja, mtu wa maneno mengi ambaye hakukosa bandani hata siku moja. "Sisi tuna benchi tu."

Mpango wangu ulikuwa mikaratusi. Nguzo zilikuwa zinatafutwa, mbao zilikuwa zinatafutwa, na mkaratusi haumngojei mtu wa kiwanda. Uupande, uuache, ukue. Lililobaki lilikuwa mahali pa kuipanda. Mteremkoni kwangu kote kulikuwa na chai.

Chini ya mteremko, karibu na kijito, tulikuwa na kitivo. Huku kwetu kitivo ndiyo ardhi yenye thamani kuliko zote: udongo mweusi wa bondeni, wenye unyevu hata kiangazi kikali. Mfereji mdogo ulitoka kijitoni ukapita katikati ya matuta. Nilipooa, mama yangu alimshika mke wangu mkono, akateremka naye, akamwonyesha mpaka wake. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Kuanzia hapo kitivo kilikuwa mikononi mwa mke wangu. Kabichi, karoti, maharage, spinachi, magimbi pembeni mwa maji. Watoto wetu walikulia kwenye ardhi ile, ingawa mimi nilizoea kusema kwamba walisomeshwa na chai.

Nilimweleza mke wangu mpango huo jioni moja akikoroga makande jikoni.

"Utapanda wapi?" aliuliza.

"Kitivoni."

Aliacha kukoroga. "Kitivo cha nani?"

"Cha ukoo wetu."

"Mama yako aliponipeleka pale hakunionyesha ukoo. Alinionyesha mfereji."

Nilimweleza habari za malengo. Nilimweleza kwamba mboga ni mambo ya leo, miti ni mambo ya kesho. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza mahubiri marefu, halafu akasema, "Baba, miti ile inakunywa maji. Kama unataka miti, ng'oa chai. Chai imekufa."

"Haijafa. Kiwanda kitafunguliwa."

"Kumbe na wewe unangoja? Basi nenda bandani ukakae na wenzako."

Nilikasirika. Leo najua kwa nini nilikasirika vile. Alikuwa ameona kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sijakiona. Sikuwa na moyo wa kung'oa chai yangu hata shina moja. Nilikuwa nangoja lori kama mtu yeyote wa pale bandani, ila nilikuwa naona aibu kuonekana nangoja. Ili nilinde tumaini langu, na bado nionekane mtu wa maamuzi, nilichukua ardhi yake. Hilo ndilo nililoliita mpango.

Aling'oa kabichi zake kabla hazijafunga vizuri, akazibeba nyumbani. Kesho yake niliteremka na miche. Hakuja kunisaidia, wala hakusema neno. Nilidhani amekubali. Tangu tuoane nilikuwa nimezoea kuhesabu kimya chake kama kukubali, na hakuna aliyewahi kunisahihisha hesabu hiyo.

Miti ilikua. Kusema kweli, ilikua vizuri sana, maana ilikuwa imekanyaga maji. Niliwapeleka watu kuitazama. Kanisani niliitaja kama mfano. Haikupita miaka mingi mfereji ukawa utepe wa tope, na baadaye ukawa majani makavu tu yaliyolala kwenye mtaro. Akina mama wenye vitivo chini yetu walianza kulalamika. Niliwaambia mvua ndiyo imepungua. Mvua ilikuwa imepungua kweli, kwa hiyo sikuona kama nasema uongo.

Nyumbani tulianza kununua mboga. Siku moja nilikwenda upande wa Mgwashi kumwona mgonjwa, na njiani, kwenye shamba la kijana mmoja mwenye pampu ya maji, nikaona vibarua wanapalilia karoti. Aliyekuwa mwisho wa mstari alikuwa mke wangu. Yule kijana, ambaye angestahili kumwamkia shikamoo kila anapomwona, alikuwa anamwelekeza kwa kidole mahali alipobakiza magugu.

Sikumsalimu. Nilipita kama mtu asiyejuana naye, nikamsubiri nyumbani.

"Unaniaibisha," nilimwambia alipoingia.

"Umeniona?"

"Nimekuona."

"Hukuniita."

Nilipaza sauti. Nilimuuliza watu watasema nini, mke wa mzee wa kanisa anapalilia mashamba ya watoto. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kukwangua tope miguuni kwa kijiti.

"Nilikuwa na karoti zangu," alisema. "Sasa napalilia za watu. Nenda kaichume miti yako kama ina kitu cha kupika."

Binti yetu wa mwisho alipojifungua huko Korogwe, mke wangu alisema atashuka kumsaidia. Ni jambo la kawaida, kila mama hufanya hivyo. Nilimwona akifunga mzigo. Alikunja kanga zake, akatia maharage ya mbegu kwenye mfuko, kisha akalitoa jembe lake kwenye mpini na kulizungushia gunia. Mtu anayekwenda kumwogesha mtoto mchanga anachukua jembe la nini? Niliona, na sikuuliza. Niliogopa jibu.

Nilimpigia simu. Mtoto bado mdogo, alisema. Nikapiga tena baadaye: mtoto anaota meno, anasumbua. Mtoto akatambaa, akatembea, akaanza kusema. Kule bandani yule jirani yangu hakuniachia.

"Mgosi, huyo mjukuu ataachishwa ziwa siku ya kipaimara?"

Wenzake waliangua vicheko. Na mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kwenda bandani.

Mwishowe nilishuka Korogwe. Joto la kule linamkaba mtu wa milimani kama nguo iliyolowa. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya binti, kwenye kipande cha ardhi walichoazimwa na jirani, ananyunyizia mchicha kwa kopo lililotobolewa matundu. Alikuwa amekonda, na alikuwa ametulia. Alinipa maji ya kunywa, akaniuliza hali ya wagonjwa wa kijijini, mmoja mmoja.

"Nimekuja kukuchukua," nilisema. "Rudi nyumbani."

"Nikafanye nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi njia nzima, lakini si hilo. Nikasema jambo la kwanza lililonijia. "Nitaikata miti."

"Ikate," alisema, akaendelea kunyunyiza.

Nililichukua neno lile kama ahadi. Halikuwa ahadi. Hata siku ile, katika joto lile, nilisikia nilichotaka.

Niliikata. Nguzo zikabebwa, nikabaki na visiki, na visiki vya mkaratusi havifi. Vinachipua upya, kila kimoja na fungu la matawi mabichi. Nilivifukua kwa sururu na panga, mimi mwenyewe, mgongo ukiwa umekwisha kuharibika, maana vijana wote walikuwa na kazi nyingine. Lori lilikuwa limerudi. Ndiyo, kiwanda kilikuwa kimefunguliwa. Wale wa bandani walikatia chai yao ikashuka tena kuwa vichaka, wakaanza kuchuma. Walikuwa wamengoja, na walichokingoja kikaja, na walipotoka bandani jioni walikuta wake zao nyumbani. Sijawahi kumweleza mtu jinsi jambo hilo linavyonikera.

Masika yaliyofuata, maji yalionekana kwenye mfereji. Si mengi. Nilipiga simu siku hiyohiyo.

"Maji yamerudi."

"Mengi?"

"Ya kulowesha udongo."

"Vizuri. Magimbi yatakubali."

"Utakuja?"

Alikaa kimya. Safari hii sikuhesabu kimya chake kama chochote, nikangoja.

"Kitivoni ningekuja," alisema.

"Na nyumbani?"

"Baba, miaka yote hii hukuniuliza kitu. Sasa unaniuliza vyote kwa siku moja."

Kabla ya siku hiyo, lolote nililoamua nililiamua ili nipate kitu, na nikakiita kitu hicho kesho. Sikuwa nimewahi kuamua jambo ambalo faida yake si yangu. Nilimwita mdogo wangu, ambaye kwa upande wa ukoo ndiye anayenifuata, nikamwambia kitivo ni cha mke wangu mpaka afe, awe anaishi kwangu au asiishi, na mtu yeyote asimguse.

Aliniangalia kama ninaumwa.

"Kaka, mwanamke asiyekaa kwako unampa ardhi ya baba?"

"Mama alishampa. Mimi narudisha."

"Na yeye atakupa nini?"

"Sijamwomba kitu."

"Umezeeka vibaya," alisema, na hakunywa chai niliyomwandalia. Mpaka leo tunasalimiana kanisani tu.

Nilimpigia mke wangu nikamweleza yale niliyomwambia mdogo wangu, bila kuongeza neno la kumwita. Lakini nisijipambe. Nilipokata simu nilifagia nyumba yote, nikatoa godoro juani. Nilikuwa bado natumaini kwamba mtu akipewa bila sharti ataona haya na kuleta sharti mwenyewe.

Alipanda juu mwanzoni mwa vuli. Alifikia kwa dada yake, ambaye ni mjane na nyumba yake iko ng'ambo ya kijito, na hapo ndipo anapokaa. Hakusema ni kwa muda. Binti alinipigia akaniambia, "Baba, usimsumbue mama," nami nikasema nimesikia.

Kitivo kimepona kuliko nilivyotarajia. Ameupindisha mfereji kidogo juu ya pale palipokuwa na visiki, ameweka magimbi upande wenye maji mengi, na akina mama wa chini wanapata zamu zao tena. Mboga anazouza ni zake. Wakati mwingine nakuta spinachi kwenye ngazi ya mlango wangu, zimefungwa kwa kamba ya mgomba, na sijui ni yeye aliyeziweka au ni dada yake.

Kijito kinavukwa kwenye daraja la huku juu tu, na kutoka hapo njia ya kwenda kitivoni inapita uani kwangu; hakuna njia nyingine. Kwa hiyo namwona kila asubuhi. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kuniamkia shikamoo. Tulikuwa tunaulizana umeamkaje, umelalaje, mgongo vipi, kama watu waliolala chini ya paa moja. Sasa anafika uani, anashusha jembe begani, anainamisha kichwa kidogo, kama anavyomfanyia mzee yeyote wa kijiji hiki anayekutana naye njiani.

"Shikamoo."

"Marahaba," namjibu, naye anateremka.